Biti 68 Zinazotangulia Picha

Enzi za analojia, kurekebisha runinga ilikuwa kazi ya watu watatu. Mmoja yuko juu ya bati ameshika bomba la antena, wa pili yuko dirishani anapokea na kupeleka ujumbe, wa tatu kakaa mbele ya runinga anapiga kelele: "Bado! Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Yule wa juu akianza kushuka, chenga zinarudi. Hata hivyo picha mbovu ilikuwa picha. Mpira ulikimbia na kivuli chake pembeni, wachezaji kumi na mmoja wakawa ishirini na wawili, lakini goli likiingia ulijua limeingia.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na ubovu wa aina ile ukaondoka nayo. Matangazo ya dijitali hayana subira ya namna hiyo. Picha iko safi, au inaganda vipande vipande, au skrini nzima ni nyeusi na maandishi ya kukujulisha kuwa hakuna mawimbi, ingawa mnara unauona kwa macho yako.

Kisanduku kilichokuja na zama hizo tulikipa jina la king'amuzi, na mimi naliona ni jina lililolenga shabaha. Kung'amua si kupokea tu. Ni kutambua jambo ambalo hukuambiwa waziwazi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kisanduku kile. Mnara unaweza kupakia matangazo yake kwa namna nyingi: biti nyingi kwa mkupuo au chache, ulinzi mzito dhidi ya makosa au mwepesi, pumziko refu kati ya pigo na pigo au fupi. King'amuzi kikiwashwa hakijui mnara umechagua ipi. Katika mfumo wa Ulaya uitwao DVB-T, jibu limo ndani ya ujumbe mfupi wa biti 68 unaorudiwa mchana na usiku bila kukoma. Wahandisi wanauita TPS. Bila ujumbe huo kusomwa, mafuriko yote ya biti za picha na sauti ni kelele tupu.

Watu wa zama za barua wataelewa upesi. Ukikosea herufi mbili tatu ndani ya barua, shangazi atasoma na atakuelewa. Ukikosea tarakimu moja ya S.L.P., barua itaingia kwenye sanduku la mtu mwingine, hata ukiwa umeandika kwa mwandiko wa dhahabu. Kwa hiyo anwani inataka uangalifu kuliko barua yenyewe. Wazo hili linaonekana dogo, lakini limepita kwa mikono mingi hadi kufika kwenye kisanduku kilicho chini ya runinga yako.

Nianze na mtu aliyekasirika. Mwaka 1947 Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell huko Marekani, aliruhusiwa kutumia mashine ya kukokotoa ya kampuni mwisho wa juma tu. Mashine ilijengwa kwa relei, zile swichi za umeme zinazobofyabofya, na ilisoma kazi zake kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ilijua kujishuku: kila tarakimu ilikuwa na nafasi tano, na mbili kamili ndizo ziliruhusiwa kutobolewa. Zikionekana tatu, au moja, kuna kosa. Siku za kazi mashine ikigundua kosa iliwaarifu wahudumu nao wakarekebisha. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na mhudumu, basi mashine iliitupa kazi yenye kosa na kuendelea na inayofuata. Hamming alirudi akakuta kazi yake haikufanywa. Juma lililofuata akakuta vilevile.

Swali alilojiuliza lilikuwa la haki kabisa: kama mashine inaweza kujua kuna kosa, inashindwa nini kujua kosa liko wapi na kulisahihisha yenyewe?

Jibu lake linaweza kuonyeshwa kwa kalamu na kipande cha karatasi. Chukua biti nne za habari: 1, 0, 1, 1. Ziweke kwenye nafasi ya 3, ya 5, ya 6 na ya 7 katika mstari wa nafasi saba. Nafasi ya 1, ya 2 na ya 4 ni za walinzi. Mlinzi wa nafasi ya 1 anatazama nafasi 1, 3, 5 na 7, na kazi yake ni kuhakikisha idadi ya moja katika nafasi hizo inagawanyika kwa mbili, yaani ni shufwa. Mlinzi wa nafasi ya 2 anatazama 2, 3, 6 na 7. Wa nafasi ya 4 anatazama 4, 5, 6 na 7. Ukiwajaza walinzi hao watatu ipasavyo, mstari wote unasomeka 0 1 1 0 0 1 1.

Sasa tuma mstari huo, na njiani radi ipige nafasi ya 6, moja iwe sifuri. Upande wa pili unapokelewa 0 1 1 0 0 0 1. Mlinzi wa kwanza anahesabu: mbili, shufwa, kwangu salama. Wa pili anahesabu: tatu, witiri, kwangu kuna jambo. Wa nafasi ya 4 anahesabu: moja, witiri, kwangu pia. Waliolalamika ni wa 2 na wa 4. Jumlisha: 6. Hiyo hiyo ndiyo nafasi iliyopigwa na radi. Igeuze, na ujumbe umepona. Nimewahi kuifanya hesabu hii kwa punje za maharage mbele ya kijana wa darasa la saba, akadhani nimechungulia.

Wakati huohuo, katika kampuni hiyohiyo, Claude Shannon alikuwa anaandika makala yake kuu ya mwaka 1948. Alithibitisha kwamba kelele haizuii mawasiliano sahihi. Inaweka tu kikomo cha kasi, na chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa kiasi unachotaka. Hakusema misimbo ya kufanya hivyo itengenezwe vipi, ila alitaja mfano mmoja mdogo wa Hamming. Hamming mwenyewe alikuwa bado hajachapisha, kwa sababu kampuni ilitaka kwanza kumaliza mambo ya hataza. Makala yake ilitoka Aprili 1950. Katikati hapo Marcel Golay alikwisha kuchapisha misimbo yake, mwaka 1949, kwa maandishi yasiyozidi ukurasa mmoja. Mabishano ya nani alitangulia yaliendelea baadaye, na sioni faida ya kuyafufua.

Katika utangazaji, lile wazo la anwani inayolindwa kuliko barua mimi naliona waziwazi kwenye teleteksti. Tarehe 23 Septemba 1974 BBC ilianza huduma ya Ceefax: kurasa za habari, matokeo ya mpira na hali ya hewa, zilizopenyezwa katika mistari ya picha ambayo mtazamaji haioni. Kila mstari wa maandishi ulisafiri kama kifurushi cha baiti 45, na 40 kati ya hizo ndizo herufi zenyewe. Herufi zilipewa ulinzi wa kimaskini, biti moja ya kugundua kosa bila uwezo wa kulisahihisha. Ikiharibika, unaweza kuona pengo mahali pa herufi, ukasubiri ukurasa uzunguke urudi. Msomaji akikuta "Liver ool 2" anajua ni timu gani.

Lakini namba ya mstari na namba ya ukurasa zilivishwa vazi la Hamming: katika kila biti 8, nne ni habari na nne ni ulinzi. Msimbo huo husahihisha kosa moja na kugundua mawili. Nusu ya nafasi ililiwa na ulinzi, na wahandisi wa Uingereza hawakuona ubaya, kwa sababu namba ya mstari ikikosewa, matokeo ya mpira yataandikwa katikati ya utabiri wa mvua. Miaka kumi baadaye mfumo wa RDS, ule unaoandika jina la stesheni kwenye redio ya gari, uliweka biti 10 za ukaguzi kwa kila biti 16 za habari. Gari linakimbia, linapita chini ya madaraja na kati ya majengo. Herufi chache za jina la stesheni zinahitaji ulinzi mkubwa kuliko muziki wote unaozizunguka.

Wakati runinga inajiandaa kuwa ya dijitali, silaha zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchongwa muda mrefu. Mfaransa Alexis Hocquenghem alichapisha mwaka 1959 familia ya misimbo inayosahihisha makosa mawili, matatu, au zaidi, kadiri utakavyolipia kwa biti za ulinzi. Mwaka uliofuata, Raj Chandra Bose na mwanafunzi wake Dijen Ray-Chaudhuri, Wahindi wawili waliokuwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, wakaifikia familia hiyohiyo kwa njia yao. Dunia ikaiita BCH, kwa herufi za majina yao, na Hocquenghem aliyetangulia akawekwa mkiani. Mwaka huohuo wa 1960 Irving Reed na Gustave Solomon wakatoa msimbo wao, ambao baadaye ungelinda diski za muziki na picha za sayari za mbali.

Hesabu iliyo chini ya yote hayo ni ya kijana wa Kifaransa, Évariste Galois, aliyepigwa risasi katika pambano la bastola tarehe 30 Mei 1832 na kufariki kesho yake akiwa na umri wa miaka 20. Alichunguza mafungu ya namba yenye kikomo, ambamo unajumlisha, unazidisha na hata kugawanya bila kutoka nje ya fungu. Saa ya ukutani inafanana nayo kidogo, maana baada ya saa kumi na mbili inarudi saa moja, ila saa haikuruhusu kugawanya kila mara. Galois hakuwa na runinga akilini. Wala Bose.

Mwaka 1993 watangazaji, viwanda na serikali za Ulaya walitia saini mjini Bonn makubaliano yaliyozaa mradi wa DVB. Kazi ya satelaiti na ya kebo ilikwenda haraka. Ya antena za kawaida ilikuwa ngumu, kwa kuwa mawimbi ya ardhini hugonga majengo na vilima, yakarudi kama mwangwi. Dawa yao ilikuwa kuacha wimbi moja kubwa na kutumia mawimbi madogo mengi yanayokwenda polepole kwa pamoja, 1,705 katika muundo wa 2K na 6,817 katika ule wa 8K. Kila wimbi linabeba kidogo, na mwangwi haupati nafasi ya kuvuruga.

Picha na sauti zilifungwa kwa tabaka mbili za ulinzi: Reed–Solomon nje, na ndani yake msimbo mwingine ambao mtangazaji anaweza kuukaza au kuulegeza. Hapo ndipo palipo na mtego. King'amuzi kinahitaji kujua ulinzi umekazwa kiasi gani ndipo kifungue, na huwezi kuufungia ufunguo ndani ya kasha lake. Lazima ufunguo upitie mlango mwingine.

Mlango huo ni TPS. Mawimbi madogo 17 katika 2K, au 68 katika 8K, yaliondolewa kwenye kazi ya kubeba picha yakapewa kazi ya kutangaza utaratibu. Yote hubeba biti ileile kwa wakati uleule, yakiwa yametawanywa katika upana wote wa chaneli, ili mwangwi ukiua matano mengine yabaki yanasema. Biti yenyewe haisomwi kwa ukubwa wa wimbi wala kwa kipimo chochote cha nje. Inatosha kuona kama wimbi limegeuka au limebaki lilivyokuwa pigo lililopita. Kila pigo, biti moja. Baada ya mapigo 68 barua imekamilika. Katika 8K yenye pumziko refu kuliko yote, ni kama milisekunde 76.

Tuifungue. Biti ya kwanza ni ya kuanzia. Kumi na sita zinazofuata ni kibwagizo kisichobadilika, ila kinageuzwa juu chini katika kila barua ya pili, na kwacho king'amuzi kinajua barua imeanzia wapi. Kisha zinakuja 37 za habari: wimbi moja linabeba biti ngapi, ulinzi umekazwa kiasi gani, pumziko lina urefu gani, ni 2K au 8K, na baadaye hata namba ya kituo chenyewe. Nafasi chache ziliachwa wazi kwa ajili ya mambo yajayo, hekima ambayo watunga fomu za ofisini wangeiga. Biti 14 za mwisho ni za ulinzi, nazo ni BCH: msimbo wa urefu wa 127 uliofupishwa hadi 67 kwa kuhesabu nafasi 60 kuwa sifuri na kutozituma kabisa. Unasahihisha makosa mawili popote yatakapotokea.

Makosa mawili tu? Ndiyo, na wanaocheka wasahau kidogo msimbo wakumbuke yale mawimbi 17 yanayosema kwa sauti moja. King'amuzi kinasikiliza yote kabla ya kuamua kila biti. Barua ikiharibika, nyingine inakuja sasa hivi na maneno yaleyale.

Uingereza ilianza kurusha kwa mfumo huo Novemba 1998, na miaka iliyofuata ikaonyesha barua hiyo ina kazi gani. Ili chaneli ziwe nyingi, matangazo yalipakiwa biti 6 kwa kila wimbi dogo. Majumbani friji ikijizima au pikipiki ikipita nje, picha iliganda. Kampuni ya kulipia iliyobeba sehemu kubwa ya mradi ilianguka mwaka 2002, na Oktoba ya mwaka huo Freeview ikaanza mahali pake. BBC ilipunguza mzigo wa vifurushi vyake kutoka biti 6 kwa wimbi hadi 4, kukawa na chaneli chache lakini imara. Hakuna fundi aliyepita nyumba kwa nyumba. Biti chache ndani ya TPS zilibadilika, na visanduku vilivyokuwa sebuleni vikasoma vikafuata.

Kati ya 2007 na 2012, walipokuwa wakizima analojia mkoa kwa mkoa, Waingereza wakahama pia kutoka 2K kwenda 8K. Safari hii visanduku kadhaa vya miaka ya mwanzo vikanyamaza. Barua ilivieleza wazi kuwa sasa ni 8K, lakini ndani ya visanduku hivyo hapakuwa na uwezo wa kuhesabu mawimbi 6,817. Msimbo wa kusahihisha makosa haumsaidii asiye na nyenzo.

Wajapani, walioanza matangazo yao ya ardhini Desemba 2003, waliona BCH ya makosa mawili haiwatoshi. Ujumbe wao wa utaratibu, TMCC, una biti 102 za habari zilizozungushiwa biti 82 za ulinzi. Ndani yake waliweka biti moja ya tahadhari: ikiwashwa, inakiambia kipokezi kilicholala kiamke kwa sababu kuna janga. Kwa nchi ya matetemeko na tsunami, sidhani kuna biti iliyotumika vizuri zaidi katika historia ya runinga. Botswana iliuchagua mfumo huo mwaka 2013.

Ulaya nayo ilikuwa imerudi kwenye karatasi za zamani. Robert Gallager aliandika tasnifu yake MIT mwaka 1960 juu ya misimbo iitwayo LDPC, ambamo maelfu ya ukaguzi mdogo kama ule wa Hamming husaidiana, kila mmoja ukimnong'oneza mwenzake shaka yake mpaka wote wakubaliane. Kompyuta za wakati huo hazikuweza kuibeba hesabu hiyo, ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka thelathini. David MacKay na Radford Neal waliifufua katikati ya miaka ya 1990, na wakaikuta inakaribia sana kikomo alichokiweka Shannon.

DVB-T2 ilijengwa juu ya LDPC, na barua ya biti 68 haikutosha tena, kwa kuwa sasa kila kipindi kinaweza kuwa na ulinzi wake. Wakayagawa mapokezi kama nyumba ya Waswahili. Barazani kuna pigo moja la pekee liitwalo P1, lenye biti 7 tu, linaloweza kusikika hata katika mawimbi dhaifu sana: hili ni T2, ingia. Ukumbini kuna ujumbe wa biti 200, nao unasema jinsi ya kusoma ujumbe mrefu zaidi ulio chumbani, wenye maelezo ya kila kipindi. Zile biti 200 za ukumbini huongezewa BCH 168, kisha LDPC, hadi zinatumwa zikiwa biti 1,840. Yaani zaidi ya tisa kwa moja, jambo ambalo Hamming, aliyeona walinzi watatu kwa habari nne kuwa bei, angelikodolea macho. Alifariki Januari 1998, miezi kumi kabla ya Uingereza kuanza.

Afrika Mashariki iliingia wakati misimbo hiyo inapokezana zamu. Mkataba wa Geneva wa 2006 ulikwisha kuweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia. Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali ya Kenya, kwa DVB-T. Mwezi huohuo Uingereza ilianza kurusha DVB-T2. Nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana juu ya T2 mwaka uliofuata, na Kenya nayo ikahama kabla mtandao wake haujaenea mbali na Nairobi.

Waliokuwa wamenunua visanduku vya mwanzo hawakuibiwa na mawimbi. Mawimbi yaliingia kwenye antena kama kawaida. Kisanduku kilitafuta kile kibwagizo cha biti 16, hakikukiona, kikatafuta tena, kikaandika hakuna mawimbi. Kwa hiyo ukionyeshwa king'amuzi cha mtumba kwa bei ya kutupa, kigeuze usome maandishi ya nyuma kabla hujafungua pochi. Kikiwa kimeandikwa DVB-T bila ile 2, mrudishie mwenyewe.